Deni ambayo mwenzako hajui inakula mbegu ya nyumba



Katika matoleo yaliyopita tuliongea juu ya mboji, juu ya kukata matawi ya kahawa, na juu ya kuchagua mbegu nzuri ya maharagi. Leo tunaongea juu ya kitu ambacho hakioti shambani, lakini kinaharibu shamba kupita magugu. Ni deni ambayo bibi amechukua na bwana hajui, ao ile bwana amechukua na bibi hajui.

Wengine watauliza: ma-agronomu wanatafuta nini ndani ya mambo ya bibi na bwana? Tunaingia humo juu kila mwanzo wa sezoni tunaona matokeo yake. Tunaketi na familia, tunapanga pamoja: robo hekta ya maharagi, kilo 20 za mbegu, mboji iko tayari. Wote wawili wanakubali. Siku ya kupanda tunarudi, tunakuta nusu ya shamba iko tupu. Tukiuliza, mmoja anaangalia chini na mwingine anashangaa pamoja na sisi. Hapo tunajua kwamba kilo 10 za mbegu zilikwenda kulipa mtu, na kwamba mwenye kushangaa bado hajaambiwa.

Deni yenyewe siyo aibu. Hakuna mkulima anayelima mwaka mzima bila kukopa hata kidogo. Shida inaanza wakati watu wawili wanapanga shamba moja, na mmoja anahesabu makuta ambayo mwingine anajua haiko tena.

Namna deni inaingia nyumbani

Mara nyingi inaingia kwa mlango mzuri. Mtoto anafukuzwa shule juu ya minervali. Tangu 2019 shule za msingi za serikali hazipashwi kuomba minervali, lakini shule za sekondari zinaomba bado. Mgonjwa anapona, na hospitali inakataa kumuachilia mpaka bili yote ilipwe. Kilio kinafika, watu wanatoka mbali, wanapashwa kula. Mvua imeanza na mbegu ni kidogo. Kuna pia deni za pombe na za mchezo wa kubahatisha, hatutazificha, lakini tunaona kwamba nyingi zilianza juu ya mahitaji ya kweli.

Wenye kukopesha wako wa namna nyingi. Kuna AVEC na MUSO zetu. Kuna duka la kijiji ambako jina linaandikwa kwenye kaye ya mwenye duka. Kuna mnunuzi wa kahawa anayetoa avansi wakati kahawa ingali maua. Na kuna wale ambao kwetu Congo tunaita Banki Lambert: mtu binafsi anatoa makuta leo bila maswali mingi, kiisha anaomba interesi kubwa kila mwezi.

Mtu anachukua kidogo, anajiambia: nitalipa mbele mwenzangu hajajua. Mwezi unapita. Sasa anapashwa kusema mambo mawili: deni, na kwamba alinyamaza. Mwezi wa pili ni ngumu zaidi. Ni vile kunyamaza kunakomaa, na interesi inakomaa pamoja nako.

Kahawa moja, wanunuzi wawili

Tuliona nyumba moja kwenye vilima vya Kalehe, upande wa ziwa Kivu. Majina hatutaje. Bwana alikuwa kwenye machimbo ya kasiterite, bibi alibaki na watoto na shamba. Mtoto mdogo akashikwa na malaria kali, akalazwa, akapona. Ili kumtoa hospitali mama alikopa dola 50, kwa interesi ya 30 kwa mia kila mwezi.

Bwana aliporudi alikuta mtoto anacheza. Alisikia kwamba alikuwa mgonjwa, hakuuliza nani alilipa. Mama naye hakusema, juu mbele ya kuondoka bwana alikuwa amekataza vikali mtu yeyote wa nyumba yake asikope. Alijua hangekuwa na njia ingine ya kufanya, lakini alihofia neno la kwanza ambalo lingetoka kinywani mwa bwana.

Fuateni hesabu hii. Dola 50 kwa 30 kwa mia: mwisho wa mwezi wa kwanza ni dola 65. Kama hakuna kilicholipwa, na interesi inaingia juu ya interesi, mwezi wa pili ni 84 na nusu. Mwezi wa tatu inakaribia 110. Mwezi wa ine inakaribia 143. Mama aliuza kuku. Kiisha akauza mbegu kidogo kidogo. Mwishoni akaenda kwa mnunuzi wa kahawa, akachukua avansi ya dola 40 juu ya kahawa iliyokuwa maua. Mavuno yale yale, kama yangefika kwenye kituo cha kuosha yakiwa mekundu, yangeleta kama dola 80.

Lakini bwana naye alikuwa na siri. Kule machimboni alikula kwa deni kwa mwenye duka, na alimuahidi kahawa ile ile ya nyumbani. Kutoka maua mpaka kahawa kuwa nyekundu inachukua miezi 7 mpaka 9. Miezi yote hiyo watu wawili walilala fasi moja, kila mmoja akiwa amekwisha kuuza mavuno ya wote wawili.

Mwezi wa ine, wakati wa mavuno, wanunuzi wawili walifika juma moja. Kila mmoja alikuwa na kartasi. Unaweza kufikiri kelele iliyotokea kwenye lupango ile. Mmoja wa wanunuzi aliomba apewe kipande cha shamba. Mkubwa wa familia na trezorie wa koperative waliketi nao jioni tatu. Walipatana kugawa kahawa, na sehemu iliyobaki ilipwe wakati wa mavuno ya maharagi. Familia ilipoteza karibu sezoni nzima, lakini shamba ilibaki yao na nyumba haikuvunjika.

Deni zote mbili zikiwekwa pamoja mwezi ule wa kwanza hazikuzidi thamani ya mbuzi mmoja na kuku kadhaa. Nyumba ile ilikuwa na mbuzi. Hakuna aliyefikiri kumuuza, juu hakuna aliyejua kwamba inafaa kumuuza.

Kuficha akiba na kuficha deni

Wamama wengi wanatuambia jambo la kweli: "Nikimwambia bwana kwamba niko na makuta kwenye AVEC, ataichukua." Tunajua nyumba ambamo iko vile. Hatusemi kila franga itangazwe. Lakini akiba na deni si kitu kimoja. Akiba yako ikipotea, ni wewe unaumia kwanza. Deni isipolipwa, mdai hatauliza nani alichukua. Atafika kwenye lupango, ataangalia mbuzi, kahawa na shamba, na vyote hivyo vinalisha watoto wa wote wawili.

Kama unahofia akiba yako, AVEC iliyopangwa vizuri ina dawa. Sanduku liko na makufuli matatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu mbalimbali. Makuta ya akiba haitoki mpaka siku ya kugawana, mwisho wa mzunguko. Bwana akiomba, unaweza kumjibu kwa haki kwamba hata wewe mwenyewe hauwezi kufungua. Dawa ile inalinda akiba. Deni haina kufuli. Kila mwezi inaongezeka.

Namna ya kusema

Wanamemba wengi wanatuuliza: nitaanzia wapi? Haya ndiyo tuliona yanasaidia.

Kwanza, andika zote. Chukua kaye ya mtoto na biki. Kwa kila deni andika: ni ya nani, ilikuwa ngapi, tangu mwezi gani, interesi ni ngapi, makuta ilifanya kazi gani, siku gani inapashwa kulipwa, na uliweka nini kama rehani. Kama haujui kuandika, omba mtu unayemtumaini, ao tumia mbegu: mbegu moja ya mahindi kwa kila dola 5, fungu moja kwa kila mdai. Watu wengi wanashangaa hapo. Walifikiri deni ni nyingi kupita, ama ni kidogo kupita. Wachache sana wanajua hesabu ya kweli.

Pili, chagua wakati. Usiseme siku ya soko jioni wakati mwenzako amekunywa, wala mbele ya watoto, wala mbele ya mama mkwe. Usingoje mdai afike ndipo useme mbele yake. Wakati mzuri ni mbele ya kupanga sezoni: mwezi wa nane kwa sezoni A, mwezi wa kwanza kwa sezoni B. Wakati ule bado munaweza kubadilisha kitu. Mbegu ikiisha kuingia udongoni, maneno yako yataleta tu kilio.

Tatu, sema hesabu yote mara moja, na uianze nayo. Kwa mfano: "Baba watoto, niko na jambo la kukuambia, naomba unisikilize mpaka mwisho. Tuko na deni ya dola 110. Ni mimi nilichukua. Ilianza na 50, wakati mtoto alikuwa hospitali. Hii kartasi inaonyesha yote." Ao: "Mama watoto, nilichukua avansi juu ya kahawa, sikukuambia. Ni dola 30. Mnunuzi atafika mwezi wa ine." Hapo acha. Usiongeze masomo marefu ya kujitetea.

Jambo baya kuliko yote ni kusema nusu. Mtu anasema 40 ili aone mwenzake atakasirika namna gani, kiisha juma lingine anaongeza 70. Deni ya kwanza inaweza kusamehewa. Ile ya pili inamfundisha mwenzako kwamba hata ukisema, bado kuna kingine nyuma.

Ine, acha mwenzako akasirike. Iko na haki. Usiombe msamaha na makuta siku moja. Jioni ile hamutapata mpango wowote mzuri. Patana tu kwamba kesho ao kesho kutwa mutakwenda pamoja shambani kuhesabu kile kilichoko.

Tano, na tunaomba musome hapa polepole: kama unajua mwenzako anapiga, usiseme ukiwa peke yako usiku. Anzia kwa mtu ambaye anamheshimu: mkubwa wa familia, shangazi, pasta ao mupe, ao mzee wa komite. Mtu huyo aketi nanyi mchana, na asiondoke upesi. Wajibu wa kusema ukweli haukuombi uweke maisha yako hatarini.

Kwa yule anayeambiwa

Na wewe uliyeambiwa, iko na kazi yako. Tunajua moyo unawaka. Uliza maswali matatu tu siku ya kwanza: Hii ndiyo yote? Rehani ni nini? Siku ya karibu ya kulipa ni lini? Swali la "sababu gani haukuniambia" lina haki yake, lakini liulize siku ingine, na ukiliuliza, ngoja jibu. Mara nyingi utasikia kitu juu yako wewe mwenyewe: neno ulilosema zamani, namna ulijibu mara ya mwisho ulipoombwa makuta.

Usitoke usiku ule kumtukana mdai. Usiuze mbuzi asubuhi kwa hasira, kwa bei ya hasira. Na usichukue deni ile uifanye wimbo wa kila siku mbele ya jirani. Mtu aliyechekwa kijijini juu alisema ukweli hatasema tena, na watoto wanaosikia watajifunza kuficha.

Kulipa bila kula mbegu

Wazee wanasema dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli. Lakini kuna kulipa ambako kunazaa deni ya pili, na hapo ndipo agronomu ana neno.

Wekeni kando kwanza mbegu, na chakula cha kufikisha mavuno. Kama robo hekta ya maharagi mafupi inaomba kilo 20, kilo 20 hizo ziwe mbali na mdai. Mukiziuza leo, mutazinunua tena wakati wa kupanda, siku ambazo kila mtu anatafuta mbegu na bei imepanda. Maharagi mafupi yanakomaa kwa miezi kama mitatu. Mbegu ile ndiyo malipo yenu ya karibu zaidi.

Kiisha pangeni deni kwa mstari. Ile yenye shamba kama rehani, ao yenye interesi kubwa, iwe mbele. Ya dukani isiyo na interesi inaweza kungoja, lakini mwende wote wawili kwa mwenye duka, mumuambie siku. Mdai akiona bibi na bwana wamefika pamoja na kartasi, mara nyingi anakubali kusimamisha interesi, juu anaona sasa watu wawili wanajua na makuta yake itarudi. Muombeni aandike kile kilicholipwa na kile kilichobaki, na shahidi atie sahihi.

Kama muko AVEC, mkopo wa AVEC unaweza kutumika kumaliza deni ya Banki Lambert. AVEC nyingi zinaomba 5 ao 10 kwa mia kwa mwezi, na interesi ile inarudi kwa wanamemba siku ya kugawana. Ile ya mkopeshaji hairudi. Lakini kawaida mkopo haupiti mara tatu ya akiba yako, na ni vizuri vile. Usichukue mkopo huo mbele mwenzako hajajua, la sivyo umehamisha siri kutoka nyumba moja kwenda ingine.

Na tafadhali, musilipe deni kwa kuuza kahawa ikiwa maua. Katika mfano wetu mama alipata 40 kwa kitu cha 80. Kama hakuna njia ingine kabisa, muuze sehemu, mukiwa wawili, na koperative ijue, ili kilo zile zisiahidiwe mara ya pili.

Sheria inasema nini

Watu wengi bado wanafikiri sheria inaomba bibi tu apate ruhusa ya bwana. Ilikuwa vile katika Sheria ya Jamaa, Code de la famille, ya tarehe 01/08/1987. Sheria nambari 16/008 ya tarehe 15/07/2016 iliibadilisha. Sasa bibi na bwana, wote wawili, wanapashwa kupatana juu ya mapatano ya kisheria yanayowafunga, hata kama ni mmoja tu anajifunga. Wakishindwa kabisa kupatana, yule anayeumizwa anaweza kwenda kwa Tribunal de paix.

Ni kusema bwana anayeweka shamba ya nyumba rehani bila bibi kujua hayuko tena upande wa sheria, kama vile bibi anayekopa kwa siri hayuko. Hatuandiki haya ili mupelekane mbele ya waamuzi. Tunaandika ili mujue kwamba kuketi wawili mbele ya kukopa siyo mambo ya wazungu wala ya projeti. Ni sheria ya inchi yetu.

Kazi ya koperative

Komite zinaweza kusaidia kwa vitu vidogo. Mbele ya kutoa avansi juu ya kahawa, ulizeni: mwenzako anajua? Kahawa hii imeahidiwa fasi ingine? Andikeni jibu kwenye kaye, na kama inawezekana wote wawili watie sahihi ao kidole. Hii haimzuii mama ambaye bwana yuko mbali kusaidiwa mtoto akiwa mgonjwa. MUSO ziko na kasha jekundu juu ya shida kama ile. Makuta ya kasha jekundu ingemtosha mama wa Kalehe kwa siku ile, na hangefika kwa mkopeshaji.

Matrezorie, siri za wanamemba zikae kwenye kaye. Mwanamemba anayekuja kuomba shauri juu ya deni asisikie jina lake kisimani kesho yake. Mukifanya vile mara moja, watu kumi watakwenda kwa Banki Lambert ili wasionekane kwenu.

Mkutano wa kupanga sezoni A uko karibu. Tunaomba kila nyumba ifike na hesabu tatu: kilo za mbegu, siku za kazi, na deni. Hesabu ya tatu hamutaisoma mbele ya watu. Ni yenu wawili. Lakini muwe mumeisoma pamoja, usiku mmoja mbele ya mkutano, kwa mwanga wa taa, kartasi ikiwa katikati. Sisi tutawauliza tu kama iliandikwa. Mukisema ndiyo, tutapima shamba na tutagawa mbegu tukijua kwamba itaingia udongoni.